Nyimbo Sita na Mtani Wangu

Sauti ya rafiki yangu ilianza kushuka kabla yeye mwenyewe hajaanza kukohoa. Wa kwanza kujua nilikuwa mimi, maana mimi ndiye niliyekuwa nikilegeza nyuzi za gitaa.

Tulikuwa mafundi magodoro Kariakoo. Tulifanya kazi kwenye baraza la duka la Mwarabu mmoja aliyetuletea vitambaa na sufi, kisha akatuacha na shughuli zetu. Mimi nilikaa kwenye cherehani nikishona mifuko, na rafiki yangu aliichambua sufi, akaipiga kwa fimbo, akaishindilia mpaka godoro likakaza. Sufi ukiipiga inaruka. Ilimkaa kwenye nywele, kwenye kope na puani, na jioni alionekana kama mtu aliyetoka kusaga unga. Hatukujua kwamba ilikuwa inamkaa na kwingine.

Tuliimba kwa sababu kazi ile inachosha akili. Yeye alichukua sauti ya juu, nyembamba na safi, na mimi nikakaa chini yake. Hatukufundishwa na mtu. Nilijua atakapopandia kwa kumsikia anavyovuta pumzi, na yeye alijua nitakaposhukia kwa kuangalia mguu wangu kwenye cherehani. Jioni nililitoa gitaa, tukaziimba tena zile nyimbo tulizozitunga mchana. Wateja waliokuja kuchukua magodoro yao walikaa juu yake kusikiliza, halafu wakalalamika kwamba yamebonyea.

Mimi ni Mzaramo na yeye alikuwa Mnyamwezi, kwa hiyo tulikuwa watani. Asiyejua utani wetu aelewe hivi: tangu enzi za babu zetu sisi tunatukanana bila kugombana, tunanyang'anyana vitu bila kushtakiana, na mmoja akifa, mwenzake huenda msibani kufanya mzaha huku ndugu wanalia. Mtani hakasirikiwi. Yeye aliniita mtumwa wake, mimi nikamwita mtumwa wangu, na kwa miaka yote ile hakuna kati yetu aliyekubali kuwa mtumwa wa mwenzake. Tungeweza kulibishania hilo tangu chai ya asubuhi mpaka magodoro yanaingizwa ndani. Ubaya wa utani ni kwamba mkishauzoea sana hambakiwi na lugha nyingine. Siku nilipohitaji kumwambia mtu yule neno moja la kweli, nililitafuta nikalikosa.

Basi akatokea Mhindi mmoja mwenye duka la gramafoni na santuri kule Mchafukoge. Alikuja kuagiza godoro la mtoto wake, akasimama barazani mpaka wimbo ulipoisha.

"Nyimbo za nani hizi?" akauliza.

"Zangu," rafiki yangu akajibu. "Huyu ni mtumwa wangu, ananibebea gitaa."

"Mwongo huyu, bwana," nikasema. "Mimi ndiye nimemnunua, tena kwa bei mbaya."

Mhindi akacheka, lakini akarudi kesho yake, na safari hii hakuja kwa ajili ya godoro. Alitaka kutengeneza albamu. Siku hizo albamu ilikuwa kitabu hasa, chenye jalada gumu na mifuko ya karatasi ndani, kila mfuko na santuri yake. Alitaka santuri tatu, kila upande wimbo mmoja, zote za sauti mbili na gitaa moja. Watu walikuwa wakinunua santuri mojamoja za bendi zenye matarumbeta, na yeye alisema amechoka kuuza kelele. Fundi wake wa mashine angekuja kutoka Mombasa.

"Lakini ziwe sita," alisema. "Tano siwezi kupeleka kiwandani. Kitabu chenye upande mtupu atanunua nani?"

Jioni ile rafiki yangu hakula. Alitembea tu barazani akipiga hesabu za nyimbo. Tano tulikuwa nazo tayari. Ya sita alisema ataitunga mwenyewe, tena ni ya mama yake na isiguswe na Mzaramo yeyote.

Mama yake alikuwa kwao bara. Rafiki yangu aliondoka kijijini akiwa kijana, miguu mitupu, akamwahidi mama yake kwamba atarudi amevaa viatu, tena atarudi mchana ili watu wamwone. Miaka ikapita. Viatu alivipata, nauli ikawa haikai mfukoni, na aibu ikaongezeka kila mwaka. Alipokuwa mdogo alichunga ng'ombe, na jioni alirudi akiimba. Mama yake, akiwa jikoni na sufuria zake, alijua kwa sauti ile mwanawe amefika wapi: sasa yuko mtoni, sasa yuko kwenye mihogo ya jirani.

"Sauti yangu anaijua kuliko uso wangu," aliniambia. "Nikimpelekea santuri atakuwa ameniona. Uso hata usipofika, basi."

Nikamwambia uso wake bora usifike, utamtia mama wa watu homa. Alicheka mpaka akakohoa. Tukadhani ni cheko.

Tulirekodi siku za Jumapili, maduka yakiwa yamefungwa na mikokoteni imelala, ndani ya ghala lililokuwa nyuma ya duka la Mhindi. Fundi wa mashine alipiga makofi, akasikiliza ukuta unavyomjibu, akasema chumba kinapiga mwangwi. Tukaenda kuazima magodoro ya Mwarabu na kuyasimamisha ukutani. Yalikuwa kazi yetu wenyewe. Nikaona jambo zuri sana, kuimba tukiwa tumezungukwa na kazi ya mikono yetu, na rafiki yangu akayapigapiga magodoro yale kama mtu anayesalimia ndugu.

Maikrofoni ilikuwa moja. Fundi alitueleza kwamba mashine yake haina namna ya kupunguza sauti ya mmoja na kuongeza ya mwingine. Mwenye sauti kubwa anarudi nyuma, mwenye sauti ndogo anasogea mbele, mpaka zilingane. Alitupanga, akasikiliza, kisha akachora kwa chaki sakafuni, hapa wewe, hapa wewe. Kwa wimbo wa kwanza alama zetu ziligusana. Tuliimba bega kwa bega, na nilisikia mbavu zake zikipanuka kwenye mkono wangu. Hatukukosea hata neno. Fundi alituchezea utepe wa mashine yake, na tulipojisikia kwa mara ya kwanza maishani mwetu, sote wawili tuliona haya tukaangalia chini.

Jumapili iliyofuata alama yangu ilikuwa nyuma ya yake kwa hatua. Nikasimama pale nilipochorewa.

Sisi gitaa letu halikufuata filimbi wala piano. Lilifuata koo lake. Kabla ya kuanza alinipa sauti ya kwanza kwa kuiguna, mimi nikafunga nyuzi pale, na nyingine zote nikazipanga kufuata hiyo. Ndivyo tulivyozoea barazani, kila siku na sauti yake, na hakuna aliyedhurika. Kwa wimbo wa tatu aliguna chini kuliko nilivyotegemea. Nikalegeza. Alipofika pale pa kupanda, sauti ikakatika, tukasimama. Akaguna tena, chini zaidi. Nikalegeza tena. Nilikuwa nageuza zile funguo za gitaa na vidole vyangu vilikuwa vinajua jambo ambalo mdomo wangu ulikuwa haujakubali kulisema.

Baada ya hapo kikohozi hakikumwacha. Alikonda. Shati alilokuwa akilijaza likaanza kumning'inia, na siku moja barazani nikaona anaificha leso kabla sijaitazama vizuri. Damu nilikuwa nimeshaiona.

"Twende hospitali," nikamwambia. "Leo hii. Sitanii."

"Wewe hutanii? Dunia imekwisha."

"Nakuomba."

Aliacha fimbo. Nadhani alikuwa hajawahi kulisikia neno lile kutoka kwangu, na lilimtisha kuliko damu. Akasema polepole, "Nikienda watanilaza. Ugonjwa huu wakikukuta nao hawakuachii. Nimebakiwa na nyimbo tatu. Ngoja nimalize ya mama, halafu nipeleke unakotaka, hata makaburini."

"Utakufa, mtumwa wangu."

"Nikifa utarithi nini? Gitaa lenyewe bovu." Akaokota fimbo yake.

Nilikwenda uani nikalia nikiwa nimeshika beseni la maji, ili mtu akitokea aone nanawa uso. Nilikuwa nimekata tamaa kabisa. Nilimwendea hata Mhindi nikamsihi azipokee nyimbo nne, akubali kitabu kidogo. Yule bwana hakuwa mtu mbaya. Alinisikiliza, akatuma chupa ya asali na tangawizi nyumbani kwetu, kisha yeye mwenyewe akaja kumwambia rafiki yangu kwamba santuri mbili zinatosha, aimbe mmoja tu kisha apumzike. Rafiki yangu alimjibu kwamba neno la mfanyabiashara likishatoka halirudi, ulisema sita na ni sita. Mhindi akanitazama mimi.

Wimbo wa nne tuliuimba polepole kuliko tulivyoutunga, kwa sababu pumzi ilikuwa haifiki mwisho wa mstari. Mimi nilimfuata. Nikajiambia umekuwa mtamu zaidi hivyo. Wa tano tuliuimba polepole zaidi, na nyuzi zikawa zimelegea mpaka zinagonga ubao wa gitaa. Kila Jumapili fundi alifuta alama yangu na kuichora nyuma zaidi. Kila mara sauti ya mwenzangu ilipopungua, mimi ndiye niliyefukuzwa. Nilimwomba fundi niimbe kwa kunong'ona lakini nibaki karibu. Akajaribu, akatikisa kichwa. Sauti ya kunong'ona ilisikika kama mtu anayesema siri nyuma ya mlango.

Kwa wimbo wa sita hakuweza kusimama. Tulilaza godoro moja chini, akakaa juu yake ameegemea lingine, na maikrofoni ikashushwa mpaka karibu na mdomo wake. Alama yangu ilikuwa mlangoni kabisa. Mgongo wangu uligusa mbao za mlango, na kati yetu kulikuwa na sakafu tupu yenye michirizi ya chaki zilizofutwa. Kutoka pale sikuweza tena kusikia pumzi yake. Niliangalia mabega. Yakipanda, naanza.

Akaguna sauti ya kwanza. Nilitafuta uzi wa kuishika nikaona hakuna, mpaka nilipoulegeza ule mnene kabisa.

Maneno ya wimbo wenyewe yalikuwa machache. Usinipikie usiku, mama, nitafika mchana, watu wanione. Usinifungulie mlango, mama, nitaimba tangu mtoni, utajua ni mimi. Alirudia mstari ule wa mtoni mara mbili, wakati tulikubaliana mara moja, na mimi kule mlangoni nikamfuata nikiwa nimefumba macho. Ulipokwisha, fundi alivua vile vya kusikilizia masikioni, akakaa ameshika magoti. Mhindi alikuwa amesimama kwenye kona, ameuelekezea ukuta uso wake.

"Mtumwa wangu," rafiki yangu akaniita kutoka kule alipo, kwa sauti ambayo niliisikia kwa shida. "Umeimba kwa mbali kama mwizi."

Tukampeleka hospitali kwa gari la Mhindi, siku ileile.

Santuri zilitengenezwa kiwandani ng'ambo, na zilikuwa zirudi kwa meli. Kila nilipokwenda wodini, kabla ya salamu aliniuliza kama meli imeingia. Nikamwambia iko njiani. Akasema Wazaramo ndio wanaoivuta, ndiyo maana. Mara ya mwisho hakuuliza. Alinishika kidole kimoja, akakaa nacho, na mimi niliyekuwa na maneno ya kumtukana tangu asubuhi mpaka jioni sikuwa na hata moja. Alikufa masika yale, meli haijafika.

Sasa nieleze ya makaburini. Watu wa kwao waliokuwa mjini walikusanyika, na wote waliniangalia mimi, kwa sababu mtani alikuwa mimi na kazi ilikuwa yangu. Nikaifanya. Kabla mwili haujashushwa niliruka ndani ya kaburi, nikalala, nikasema shimo hili nimelipanga mimi, huyu Mnyamwezi atafute la kwake, mizigo yake mingi hatutoshi. Watu wakacheka huku machozi yanawatoka, kama inavyotakiwa. Wakanibembeleza nitoke, wakanirushia visenti, wakaahidi kuku. Nikakataa. Wakacheka zaidi, wakisema mtani huyu anaijua kazi yake. Nilikuwa nimelala kwenye udongo ule wa baridi naangalia mbingu, na sikuwa nafanya mzaha hata kidogo. Sikutaka kutoka. Mwishowe walinishika mikono wakanivuta, na mpaka leo wapo wanaosimulia jinsi nilivyowachekesha.

Albamu ililetwa siku chache kabla ya arobaini. Jalada jekundu, majina yetu kwa herufi za dhahabu, santuri tatu nyeusi zinazong'aa. Mhindi alinipa na gramafoni ya kuazima, akanionyesha namna ya kuzungusha mpini, na kile kishikizo kidogo pembeni cha kuongeza na kupunguza mwendo. Niliiweka chini ya kitanda. Sikuthubutu kuisikiliza peke yangu.

Mama yake alifika kwa treni, akisindikizwa na kaka yake, mjomba wa marehemu. Alikuwa mwanamke mfupi aliyesimama wima, na viatu vya mwanawe, ambavyo nilimkabidhi siku alipofika, hakuviweka chini tena. Baada ya hitima na chakula, watu wengine wakiwa wameondoka, nilitoka chumbani na gramafoni nikaitua katikati ya ukumbi. Mzee mmoja jirani akang'aka. "Muziki kwenye arobaini ya mtu? Una akili?"

"Mwacheni," mjomba wa marehemu akasema. "Ni mtani wake."

"Shikamoo mama," nikamwambia yule mama. "Nimekuletea mwanao."

"Marahaba. Aliniandikia barua kwamba kuna wimbo wangu. Uko wapi?"

Nilikuwa nimekusudia kuanza na wa kwanza, ule wa bega kwa bega. Mkono wangu ulikuwa umeshaushika. Akasema hapana, anataka wa kwake. Nikaweka wa sita.

Ile sindano ilipogusa, ukumbi ukajaa sauti nzito, inayokokota, imechoka. Barazani na ghalani, kila wiki tukishuka kidogo, masikio yetu yalishuka pamoja na sauti na hatukujua tumefika chini kiasi gani. Pale ukumbini nilisikia. Mjomba akadhani gramafoni imeishiwa nguvu, akasema, "Jazeni, inalala hiyo!" Akauchukua mpini akauzungusha kwa bidii mpaka ukakataa. Haikubadilika kitu. Wimbo ukafika mtoni, ukarudi tena mtoni, mara ya pili.

Mama akasema, "Huyu si mwanangu. Huyu ni mzee."

Akazidi kuvikumbatia viatu kifuani. "Mwanangu namjua. Mmenifanyia nini? Nimetoka kwetu mpaka hapa kusikilizishwa mzee?"

Nyimbo zile zote, leso ile, chaki ile, wodi ile, vyote vilikuwa kwa ajili ya sikio hili moja, na sikio limekataa. Nikasogea kumwekea wa kwanza ili angalau amsikie, na akanishika mkono. "Huo nimeshakwambia siutaki. Mimi nataka wangu."

Sijui kilichonituma. Niliirudisha sindano mwanzoni, na kwa kidole nikakisukuma kile kishikizo cha mwendo. Kidogo. Sauti ikajikongoja ikapanda. Nikasukuma tena. Gitaa likakaza, mwendo ukarudi ule tuliokuwa tukiupiga barazani, ukungu ukaanza kuondoka kwenye koo lake. Nilisukuma polepole, kwa kuogopa, namna ileile niliyokuwa nikilegeza nyuzi, ila sasa nilikuwa napandisha.

"Hapo," mama akasema, mkono juu. "Acha. Hapo hapo."

Nikatoa kidole. Alikuwa yeye. Nyembamba, safi, kijana mzima mwenye mapafu yake, anaimba tangu mtoni. Mama yake alifumba macho, akageuza uso kuelekea mlangoni kama mtu aliyeko jikoni anayesikiliza anayekuja amefika wapi. Machozi yalimtoka bila kwikwi. Mimi nilikuwa nalia kwa sauti wala sikuwa na beseni la kujifichia.

Lakini mashine haikuweza kumponya mmoja na kumwacha mwingine. Sauti yangu mimi, ambayo haikuumwa, ilikuwa imepanda pamoja naye ikaharibika. Kutoka kule mlangoni pa ghala nilikosimama ilisikika ndogo, kali, ya mbali sana, na hata mimi mwenyewe nisingeitambua.

Wimbo ulipokwisha, mama aliitazama santuri ikiendelea kuzunguka. Kisha akaniuliza kwa upole, kama mtu anayetaka kumshukuru kila aliyehusika.

"Na huyo mtoto anayemfuata kule nyuma, ni nani?"

"Mtumwa wake, mama," nikasema.